Kaburi la Mtani Wangu Kondo

Shanga ya Kondo Pazi iligeuka nyeupe alfajiri, na kufikia adhuhuri mimi nilikuwa nimeshaiba jogoo wake.

Msinishangae. Jina langu Kalunde, ni Mnyamwezi, na Kondo ni Mzaramo. Ni mtani wangu. Msiba wa Mzaramo usio na Mnyamwezi wa kuuvuruga si msiba, ni kikao cha watu wanaosubiri pilau. Nina haki ya kuingia bila hodi, kubeba ninachokitaka, kumwigiza marehemu anavyochechemea na kumsema mbele ya ndugu zake. Ruhusa ya kunikasirikia hakuna. Mtani hapigwi, hakamatwi, hafukuzwi. Sheria hiyo ilikuwepo kabla ya Kioo kuletwa zahanati, na siku ile niliishika kwa mikono miwili.

Tofauti ya siku hizi ni moja tu. Marehemu huwa bado anapumua.

Nilimkuta Kondo ukumbini juu ya mkeka mpya, kanzu imepigwa pasi, udi unafuka pembeni. Mkewe, Mwantumu, alikuwa anampepea taratibu. Ndugu wamejipanga ukutani, wameinamisha vichwa. Na pale kwenye kifundo cha mkono wa Kondo, shanga ambayo miaka yote ilikuwa na rangi ya majani ilikuwa inang'aa nyeupe.

"Kondo!" nikapiga ukelele, jogoo kwapani. "Yaani wewe Mzaramo umekubali kufa, na kesho kutwa kuna ngoma kijiji cha pili?"

"Nimepima," akanijibu bila kufungua macho, "nikaona heri kufa kuliko kukusikiliza wewe ukiimba. Mbeba mizigo mkubwa! Hata huyo jogoo umembeba kama gunia."

Watu wakacheka. Mwantumu naye akacheka, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Nikazunguka ukumbi kwa mwendo wa Kondo, mguu wa kushoto nauburuta, mkono kiunoni, nafoka kwa sauti yake: "Nani kaingia kwenye mananasi yangu? Nani?" Hata kaka yake mkubwa, Mzee Mwinshehe, aliyekuwa msimamizi wa shughuli, akashindwa kujizuia.

Kwa asiyejua mambo yetu, nieleze kidogo. Babu zetu walipiga bao, wakachungulia kwenye bakuli la maji, wakaambiwa walete kuku mweusi, na kuku akaliwa na mganga. Sisi tukapata Kioo. Ni bamba jeusi limesimama zahanati. Unalipulizia pumzi, unalidondoshea damu, na kwa vile shanga inakipelekea mapigo ya moyo wako tangu utoto, na usingizi wako, na hata chumvi unayokula, kinakujua kuliko mama yako. Mambo ya magari na nyoka hakiyajui. Ila mwili ukianza kuchoka, kinakutajia siku. Siku ikifika shanga inageuka nyeupe yenyewe, na jua likizama umekwenda. Katika kata yetu hakijamkosea mtu, si mzee, si mtoto.

Basi tukajipanga hivyohivyo. Kaburi linachimbwa asubuhi. Mwenye shanga nyeupe hapewi vidonge, maana vidonge ni vya wenye kesho, na mlango wa zahanati wenyewe haumfungukii. Alasiri, ndugu aliye karibu naye kuliko wote anamnywesha tone. Ni dawa ya zahanati, ipo kwenye kichupa kidogo chenye jina lake, ya kumtuliza asiteseke. Akishakunywa analala, na adhana ya magharibi inamkuta ametangulia. Watu wanasema ni kifo kizuri, na mimi mwenyewe nimesema hivyo katika misiba mingi.

"Tokeni kidogo," Kondo akawaambia ndugu. "Nataka kumwusia mtani wangu."

Mwenye siku hakataliwi neno. Wakatoka wote, Mwantumu wa mwisho, akatuachia pepeo.

Kondo alifungua macho akanishika mkono. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, hilo tulilijua sote, miguu ilivimba na ngazi zilimshinda. Lakini kiganja kile kilikuwa na joto, kilinibana mpaka pete ikaniumiza.

"Kalunde, unamkumbuka Mwanaidi?"

"Swali gani hilo? Nilimwimbia siku anazaliwa, nikamwigiza siku anakufa."

Mwanaidi alikuwa binti yao wa pekee. Figo zilimsumbua. Shanga yake iligeuka nyeupe akiwa bado msichana wa shule, na Mwantumu ndiye aliyemnywesha tone, kwa mkono wake, kwa upendo wote mama alionao.

"Mama yake alitoka kwenda kuchukua kichupa," Kondo akasema. "Tukabaki wawili. Mwanaidi akaniambia, baba, naomba chai. Ya tangawizi, na sukari iwe nyingi." Akanibana mkono tena. "Mtu wa kufa saa ile, Kalunde, anatamani chai ya nini? Macho yake yalikuwa meupe, mazima. Halafu mama yake akaingia. Mimi nikanyamaza. Mtoto akanywa, na pale pale akaanza kukoroma, mkoromo ule unaoujua."

"Unataka kusema nini?"

"Nataka kusema mwanangu hakuuawa na figo."

Nikamwachia jogoo, akaenda zake chini ya meza.

"Basi wewe usinywe," nikamwambia. "Likija hilo tone, lishike mdomoni ukalitemee mbali. Vuka magharibi, tuwaone hao wa zahanati watasema nini!"

"Nikivuka, Mwantumu atajua." Alisema polepole, kama mtu aliyelifikiria jambo hadi likamchosha. "Sasa hivi analala. Anasema, siku ya mtoto ilifika, mimi ningefanya nini? Neno hilo ndilo linalomlaza. Nikipona mimi, atajiuliza. Na akijiuliza mara moja tu, Kalunde, yule mwanamke hatalala tena mpaka anakufa."

"Kwa hiyo unajiua ili mkeo apate usingizi."

"Ninakwenda siku niliyopangiwa. Kuna ubaya gani? Nimeshaishi, nimeshalima." Akajaribu kutabasamu. "Nakuomba kitu kimoja. Igiza vizuri jioni. Acheke. Na hili nililokwambia lifie humu humu. Niahidi."

Jamani, nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilimpenda mwanaume yule kama ndugu niliyenyonya naye titi moja, na alikuwa ananiomba nimchekeshe mkewe juu ya maiti yake. Nilitamani kumzaba kofi. Badala yake nikamwahidi. Ahadi ya mtani haina thamani yoyote, na Kondo alilijua hilo vizuri.

*

Alasiri Shemdoe akaja na sinia.

Shemdoe ndiye kijana wa zahanati anayekitunza Kioo. Msimdhanie mtu mbaya. Ni mpole, mwenye adabu, na katika misiba mingine nimemwona anajificha nyuma ya nyumba analia. Aliliweka sinia mbele ya Mwantumu, akafunua kitambaa cheupe. Kichupa kilikuwa pale, hakizidi kidole, kimeandikwa jina la Kondo.

"Mama, pole sana," akasema. "Tone lote kwa mara moja. Halina uchungu."

"Nalijua," Mwantumu akamjibu. "Nimewahi kulitoa."

Ukumbi ulijaa. Karibu na mlango alikaa Rukia, mke wa fundi seremala, amempakata mwanawe Bakari. Bakari naye alikuwa amepewa siku, mwezi unaofuata. Rukia alikuwa amekuja kujifunza. Alikodolea macho mikono ya Mwantumu, namna ya kukishika kichupa, namna ya kumwinua mgonjwa kichwa.

Mwantumu akakichukua kichupa. Kondo akafumba macho, akafungua mdomo.

Hapo ndipo nikaruka. Nilianza na kicheko, nikapiga makofi, nikacheza ngoma ya mdundiko katikati ya ukumbi nikitikisa kiuno changu kizee, na watu wakaanza kucheka, na nilipopita mbele ya Mwantumu nikakinyakua kile kichupa mkononi mwake.

"Cha mtani hiki!" nikapaza sauti. "Kondo mwenyewe hana kitu, mananasi yake machungu, jogoo wake mwembamba! Nachukua hiki!"

Wakazidi kucheka. Mzee Mwinshehe akasema, "Haya mtani, umesikika, rudisha sasa." Lakini mimi nilikuwa nimeshatoka kwa mlango wa jikoni, kanga kiunoni, natimua vumbi kupita kwenye mananasi hadi nyuma ya mikorosho, kaburi lilipokuwa wazi. Wanawake wetu hawaendi makaburini. Mtani huenda popote. Nikakaa ukingoni, nikajitelezesha, nikaanguka ndani kwa kishindo, nikaumia goti.

Udongo ulikuwa wa baridi na wenye unyevu. Nikalala chali kama mwenyewe, kichupa nimekikumbatia kifuani, nikatazama kipande cha anga. Jua lilikuwa bado juu. Mayo, mama yangu wee! Nikamwambia Mungu, ama ulisogeze, ama unipe ulimi.

*

Vichwa vikaanza kutokea ukingoni mmoja mmoja. Kwanza walicheka. Mtani kulala kaburini si jambo geni, hulala, hukombolewa kwa zawadi, akatoka, maiti akaingia. Wakaniteremshia doti ya kanga. Nikaitupa juu. Wakaniletea mbuzi, wakanionyesha pembe zake. Nikawaambia mbuzi arudi kwao.

"Mtani, unataka nini?" Mzee Mwinshehe akauliza. "Taja tukukomboe, muda unakwenda."

"Nataka jua lizame."

Kicheko kikakatika. Wakatazamana.

"Sikukusikia vizuri," Mwinshehe akasema.

"Umenisikia, Mzee. Fidia yangu ni hiyo. Jua likizama, natoka na kichupa chenu nawapa."

Wapwa wawili wa Kondo wakavua viatu, wakataka kushuka kunitoa. Nikawaambia shukeni, mguseni mtani ndani ya kaburi, halafu muone kama kuna Mnyamwezi yeyote atakanyaga tena msiba wa kwenu, mzikane wenyewe kimya kimya kama vifaranga. Mwinshehe akawazuia kwa fimbo. Alikuwa na hasira, lakini mila aliijua.

"Leteni kichupa kingine," mmoja akasema.

"Hakuna kingine," Shemdoe akajibu. "Kinakuja na jina la mtu. Ni kimoja." Akachuchumaa ukingoni, uso wake ukaniangalia kwa huruma kabisa. "Bi Kalunde, shikamoo."

"Marahaba. Usinibembeleze."

"Mama yangu, unamtesa yule mzee. Siku yake imefika, utani hauizuii. Bila tone atakwenda kwa maumivu, na watu watakulaumu wewe."

"Nani amewahi kwenda bila tone, ukaona hayo maumivu?"

"Hakuna. Nani angemnyima ndugu yake utulivu?"

"Basi umejuaje?"

Akafikicha paji la uso. Alikuwa kijana wa kujibu maswali, alifundishwa hivyo. "Bi Kalunde, unakidharau Kioo kwa sababu hujui kilikotoka. Mwanzoni kabisa, ndiyo, kilikuwa kinababaisha. Kilitaja siku, mtu akavuka wiki, akavuka miezi. Wapo waliovuka mwaka. Watu wakakicheka. Lakini kinajifunza, mama. Kila anayekufa, kinajifunza kwake. Na tangu tulipoanza kutoa tone, hakijapishana na siku hata..."

Akanyamaza mdomo wazi.

Juu ya mikorosho kunguru alikuwa anapiga kelele, nikatamani mtu amrushie jiwe. Niliona uso wa Shemdoe unabadilika. Haki ya Mungu, mtu yule alikuwa hajawahi kuyasikia maneno yake mwenyewe hadi siku ile. Akainuka, akarudi nyuma, akatoweka machoni kwangu.

"Endelea," sauti ya mwanamke ikasema. "Malizia, mwanangu. Hata nini?"

Ilikuwa sauti ya Mwantumu.

*

Hakuna aliyemzuia. Alikaa ukingoni kama nilivyokaa mimi, akashuka, kanga yake nyeupe ikachafuka udongo mwekundu. Nikasogea. Kaburi la mtu mmoja tukalikaa wawili, magoti yamegusana. Alikuwa anahema kama aliyepanda mlima.

"Nipe, dada," akanong'ona hatimaye, mkono ameutanguliza. "Hatujachelewa. Nipe nikampe."

"Mumeo unampenda?"

"Unaniuliza hivyo mimi?" Machozi yakamtoka. "Nampenda. Namwashia moto usiku namkanda miguu. Leo asubuhi nilipoiona shanga nilitaka kuivunja kwa meno. Lakini nipe."

"Mwantumu..."

"Akivuka huyu, mimi nimemwua Mwanaidi." Alisema kwa sauti ndogo, wazi kabisa, ili waliokuwa juu wasisikie. "Unanielewa? Kwa mkono huu. Nilimkalia kitandani, nikamwita mama, nikamwambia asiogope. Siku ya mtoto ilifika, ndivyo ninavyosema kila asubuhi nikiamka, ndivyo ninavyoweza kuvaa nguo na kutoka nje. Wewe unataka kunivua hilo? Nitabaki na nini? Nipe kichupa, Kalunde. Nakuomba kwa jina la mama yako."

Mimi nina mdomo. Nimewachekesha watu waliokuwa wanajigaragaza chini kwa kilio. Pale sikupata hata silabi. Kondo alikuwa tayari kufa kwa ajili ya usingizi wa mwanamke huyu, na mwanamke huyu alikuwa tayari kumzika mumewe anayempenda ili asijue alichokuwa ameshakijua. Na kichupa kipo kwangu. Nani aliniambia nijifanye mwerevu? Ningeweza kukitoa, na kesho sote tungekula wali wa msiba, na dunia ingeendelea vilevile.

Vidole vyangu vililegea. Nasema kweli, vililegea, na Mwantumu akavishika akaanza kuvifungua kimoja kimoja.

Juu yetu Rukia akasema, "Bwana Shemdoe."

Naye alikuwa ameuvunja mwiko, ametufuata na Bakari mgongoni.

"Bwana Shemdoe, Bakari wangu je? Mwezi ujao. Nisipompa?"

Akamvuta mkono.

"Si nakuuliza? Nisipompa itakuwaje? Ataumia, au hataumia? Atavuka?" Sauti ikampanda. "Ana miaka mitano huyu! Jana kapanda mkorosho, nimemshusha kwa fimbo! Niambie basi!"

"Sijui, dada," Shemdoe akasema. Alikuwa analia. "Wallahi sijui. Hatujawahi kujaribu."

Vidole vya Mwantumu vikasimama juu ya vyangu. Akainua uso akatazama ukingoni, alikotokea mguu mdogo wa Bakari ukining'inia kwenye mbeleko, wenye vumbi la siku nzima. Aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akaniachia mkono. Akaegemea ukuta wa kaburi, akafumba macho, tukakaa hivyo, wanawake wawili wazima tumekunjana shimoni, mimi nalisikiliza jua.

Hakuna niliyewahi kumsubiri kama nilivyolisubiri jua lile. Kipande cha anga kikawa cha manjano, kikawa chekundu. Kila upepo ulipoubamiza mlango kule nyumbani nilidhani ni kilio kinaanza. Ingekuwaje kama Kioo kilikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyemnyima utulivu, akawa anajipindapinda kwa maumivu peke yake ukumbini na sote tumejazana huku? Niliogopa mpaka goti langu likasahau kuuma. Mwantumu alikuwa anasoma kimya, midomo inacheza. Sikujua anaomba afe au apone, na nadhani hata yeye hakujua.

Adhana ya magharibi ikapigwa.

Iliisha. Mtu hakusogea. Halafu kwenye mananasi kukasikika majani yanasuguana, na kikohozi, na mguu unaoburutwa.

"Nani huyo amelala nyumbani kwangu bila kulipa kodi?"

Toba! Wapwa walikimbia, mmoja akaangukia mananasi akapiga mayowe ya miiba. Mzee Mwinshehe akadondosha fimbo. Kondo akatokea ukingoni kwa kanzu yake ya maziko, amejishikilia kwenye mkorosho, anahema, shanga bado nyeupe mkononi kama ya maiti.

"Nimesubiri hilo tone mpaka nimechoka," akasema. "Nimetuma mtu, hakurudi. Njaa inaniuma na nyumba nzima hakuna mtu, mmenihamia huku." Alikuwa anatania, lakini macho yake yalikuwa yanamtafuta mkewe. Alipomwona ndani ya kaburi pamoja nami, utani ukamtoka usoni.

"Kioo kimekosea," mtu akasema.

"Kinaweza kukosea," Shemdoe akadakia haraka, anajifuta pua. "Mashine ni mashine. Mara moja katika watu wengi, kwa mtu mmoja, inawezekana. Nitawaeleza wakubwa. Ni kwa huyu tu."

Niliwaona wote wanapumua. Walilitaka neno lile. Kijijini hakukuwa na nyumba ambayo haikuwa imetoa tone, kwa mama, kwa mume, kwa mtoto. Kila mmoja alikuwa na wake. Mzee Mwinshehe alikuwa na mkewe. Akainama, sauti imelegea, karibu ananisihi.

"Mtani, wewe ndiye uliyeanzisha. Sema neno tucheke, tukale. Tulifunge jambo hili."

Utani ulikuwepo tayari, ulikuwa kwenye ncha ya ulimi: Mzaramo huyu, hata kufa anachelewa! Wangecheka mpaka waanguke. Wangenitoa, wangeniletea yule mbuzi. Mwantumu angelala. Na mwezi ujao Rukia angemkalia Bakari kitandani. Nilifungua mdomo, na mpaka leo sijui ningesema lipi.

Mwantumu alinitangulia. Alikitwaa kichupa mkononi mwangu, akasimama, akakiinua juu kichwani ili Rukia akione.

"Rukia, mwanangu, kitazame vizuri. Mtoto wako usimpe hiki. Akija nacho mtu kwenye sinia, mfukuze. Usimpe." Mkono hakuushusha. "Mimi nilimpa wangu."

"Mama Mwanaidi!" Kondo akapiga magoti ukingoni, kwa shida, akamnyooshea mikono. "Usiseme hivyo. Wewe hukujua. Hata kidogo hukujua, ulikuwa umetoka, hukumsikia mtoto alivyo..."

"Nilimsikia, Kondo."

Kondo akabaki na mikono hewani.

"Nilikuwa mlangoni. Aliomba chai ya tangawizi, sukari iwe nyingi. Na mimi nikaingia, nikamwambia, kwanza kunywa hiki, mama. Chai nitakuletea."

Kichupa akakitupa miguuni petu, akakikanyaga mpaka kikavunjika. Kisha akaketi chini, akamlilia binti yake kwa mara ya kwanza, na sisi wote tukabaki pale kaburini hadi giza likatukuta.